Kata Mkononi na Kata Mezani

Katika mafunzo ya uchoraji yaliyoingia shuleni mwetu, hapana lililoonekana jepesi kwa sura na zito kwa maana kama kuchora vitu vilivyotulia. Mwalimu huweka juu ya meza chungu, matunda mawili matatu na kipande cha kitambaa; wanafunzi huizunguka meza; kila mmoja huchora aonavyo kutoka mahali alipokaa. Mtu aweza kudhani kuwa hili ni zoezi la jicho na mkono tu, lisilo na nchi wala kabila. Lakini zoezi hili lina historia ndefu, na ndani yake limo swali ambalo wachoraji wa Kilimanjaro walilikabili kwa namna yao wenyewe: je, chombo ni kitu cha kutazamwa, au ni kitu cha kushikwa? Nakusudia kulifuata swali hilo kutoka Ulaya mpaka pwani yetu, na kutoka Makerere mpaka miteremko ya mlima huu, kwa kuwa jibu lake lahusu si picha peke yake, bali na vyombo vyenyewe ambavyo vinatutoka nyumbani siku hadi siku.

Kabla ya historia, yafaa misingi ya fani hii ielezwe kwa kitu kimoja kinachojulikana. Tuchukue kata ya kunywea mbege, ambayo kila mtu wa Mkuu anaifahamu. Mchoraji akiitazama, jambo la kwanza alionalo ni mstari, yaani ukingo wa kata mbele ya ukuta ulio nyuma yake. Mstari huo haumo katika kata. Ni mpaka tu ambapo kata huishia na hewa huanzia, na kwa hiyo mstari ni fikira kabla haujawa kazi ya mkono. La pili ni umbo, yaani mviringo wa tumbo lake na urefu wa mpini wake. Umbo halionekani bila la tatu, nalo ni mwanga na kivuli. Sisi wa Rombo tumekaa upande wa mashariki wa mlima: asubuhi jua hutuingilia milangoni bila kizuizi, na jioni mlima hutukinga nalo mapema. Kata iliyowekwa dirishani ina uso mmoja saa moja ya asubuhi na uso mwingine saa kumi ya jioni, wala haijaguswa na mtu. La nne ni rangi. Kahawia ya kata si moja, maana mahali palipozoea midomo na viganja pameiva na kung'aa, na mahali pasipoguswa pamebaki hafifu. La tano ni uwiano, yaani ukubwa wa sehemu moja kwa kulinganishwa na nyingine. La mwisho ni mpangilio, yaani jinsi vitu vinavyokaa pamoja na jinsi nafasi tupu inavyokaa baina yao. Mpangilio ni kwa picha kama mizani na vina vilivyo kwa shairi: msomaji huenda asiuhesabu, lakini ukiharibika huhisi mara moja kuwa kuna kilichopunguka.

Picha za vitu ni za kale sana. Katika kuta za Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na majivu ya volkano mwaka 79, zimekutwa picha za bakuli za kioo zilizojaa matunda. Lakini kuwa fani yenye jina lake mwenyewe kulikuja katika karne ya 17, hasa katika Uholanzi, ambako wafanyabiashara walipenda kutundika ukutani picha za meza zao: samaki, mikate, malimau yaliyomenywa nusu, bilauri na sahani za fedha. Waholanzi waliiita fani hii kwa maneno yenye maana ya maisha yaliyotulia, na Waingereza wakafuata. Wafaransa na Waitalia waliiita kwa maneno yenye maana ya maumbile yaliyokufa. Tofauti ya majina haya si ndogo, nasi tutairudia.

Fani hiyo ilipopata jina haikupata heshima. Mwaka 1667, katika Ufaransa, mwandishi André Félibien alizipanga aina za picha kwa daraja. Juu aliweka picha za matendo makuu ya historia na dini. Chini yake picha za sura za watu, kisha wanyama na nchi. Na chini kabisa akaweka picha za matunda, maua na vitu visivyo na uhai. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanadamu ndiye kiumbe bora kupita vyote, na hivyo amchoraye mwanadamu ni bora kuliko achoraye sufuria. Hoja hii ilitawala vyuo vya Ulaya kwa muda wa miaka mia mbili.

Mtu aliyeitikisa hoja hiyo bila kelele alikuwa Jean-Siméon Chardin, mwana wa seremala wa Paris. Mwaka 1728 alikubaliwa katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa kwa sababu ya picha ya vitu vya jikoni, ambamo samaki taa aliyepasuliwa ametundikwa ukutani, na paka amesimama juu ya chaza. Tangu hapo, kwa miaka mingi, alichora vyungu vya udongo, mayai, vitunguu na sufuria za shaba. Wenzake walichora wafalme na vita, na vita hivyo leo vimesahauliwa na wengi. Sufuria ya Chardin bado inatazamwa. Katika uzee wake rangi za mafuta, zilizochanganywa na risasi, zilimdhuru macho. Hapo ndipo alipogeukia pasteli, na mwaka 1771 akaonyesha mbele ya watu picha za sura za watu alizozichora kwa vijiti hivyo vikavu, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 70.

Pasteli ni nini? Ni unga wa rangi uliokandwa pamoja na chaki na gundi kidogo, ukafinyangwa kuwa vijiti, ukakaushwa. Gundi ni kidogo mno, hata kijiti kikigusa karatasi huacha unga wake papo hapo. Rangi ya mafuta humezwa na mafuta yake. Rangi ya maji hunywewa na karatasi. Bali pasteli hukaa juu, imeshikwa na vinyweleo vya karatasi tu, na kwa hiyo mwanga huigonga bila kupita katika kitu kingine. Ndiyo sababu picha ya pasteli iliyochorwa katika karne ya 18 na kutunzwa vizuri bado ina rangi mbichi. Ndiyo sababu pia ni dhaifu: kidole chaweza kuifuta, na haina budi kuwekwa nyuma ya kioo kisichoigusa.

Kazi yake ina taratibu zake. Karatasi laini haifai, maana unga hauna pa kushika. Karatasi nyeupe haikatazwi, lakini wajuzi wengi hupendelea karatasi yenye rangi ya wastani, ili mchoraji aweze kwenda kwenye mwanga na kwenda kwenye giza kutoka mahali pamoja. Kwa ubavu wa kijiti hutandazwa rangi pana. Kwa ncha hutiwa mistari. Rangi hazichanganywi kando kabla ya kutiwa; huwekwa moja juu ya nyingine, nalo jicho huzichanganya. Aghalabu huanzwa na giza na kumalizwa na mwanga, na ule mng'ao mdogo wa mwisho hutiwa mara moja tu na kuachwa. Unga unaoanguka haupulizwi kwa kinywa, kwa sababu baadhi ya rangi ni sumu kwa mapafu. Karatasi huinamishwa ikagongwa kwa nyuma. Mwanafunzi wa Kilimanjaro asiye na karatasi ya gharama ana karatasi ya kaki. Akichora kata juu ya kaki ataona jambo la ajabu: rangi ya karatasi yenyewe ndiyo rangi ya kata, na kazi yake ni kutia giza upande mmoja na mwanga upande wa pili, akaiacha sehemu ya katikati bila kuigusa.

Sasa na tuulize kama fani hii ilikuwa ngeni kabisa katika nchi zetu. Kwa karatasi, ilikuwa ngeni. Kwa ukuta, haikuwa ngeni. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijengwa zidaka, safu juu ya safu, kwa chokaa iliyonakshiwa, na ndani yake vikapangwa vyombo vya kauri vilivyokuja kwa majahazi. Kila chombo kilikuwa na nafasi yake, kivuli chake na jirani yake. Aliyepanga zidaka alijua mpangilio, ijapokuwa hakushika kalamu ya kuchora. Na katika makaburi ya kale ya pwani, kama yale ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam, bakuli za kauri za Kichina zilipachikwa katika nguzo za kaburi. Pale bakuli halikuwa la kulia tena. Lilisimama badala ya mtu aliyekuwa akilitumia. Basi watu wa pwani walijua kuwa chombo kilichotulia chaweza kusema habari za mtu asiyekuwapo.

Huku bara, Wachaga hawakuwa na zidaka, lakini walikuwa na vitu vyenye kusema. Walikuwa na mregho, fimbo iliyokatwa alama, ambayo kwayo vijana walifundishwa mambo ya jando. Kila alama ilikuwa na fundisho lake, na aliyeijua fimbo aliisoma kwa kidole na kwa macho. Walikuwa na chungu cha kulaania, kilichotumiwa kumtakia maangamizi mwizi au mwongo asiyejulikana, na chungu hicho kiliogopwa kuliko silaha. Walikuwa na sale, mmea wa uani ambao jani lake likitolewa kwa aliyekosewa lilitaka msamaha, nalo halikukataliwa kwa urahisi. Katika dunia ya namna hiyo, kusema kuwa chungu ni maumbile yaliyokufa kungekuwa kusema jambo lisiloeleweka. Chungu kilikuwa na kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa uhai wake.

Ndani ya mazingira hayo ndimo mafunzo ya uchoraji yalimoingia. Lakini ni lazima kukumbuka kuwa katika miaka hiyo Ulaya yenyewe ilikuwa katika ugomvi juu ya jinsi ya kumfundisha mtoto. Kwa muda mrefu watoto walifundishwa kunakili: michoro ya mwalimu, vinyago vya plasta, miraba na tufe. Mwaka 1897 Franz Cižek alifungua darasa katika mji wa Vienna, ambamo watoto waliachwa wachore yaliyomo nafsini mwao. Katika Japani, Kanae Yamamoto, aliyekuwa ameona picha za watoto huko Moscow akiwa njiani kurudi kwao kutoka Ufaransa, alianza karibu na mwaka 1919 kuhubiri kwamba mtoto asinakili kitabu cha michoro bali achore kwa uhuru. Haja ya watoto hao kupata rangi rahisi na nyangavu ndiyo iliyozaa pasteli ya mafuta, ambayo kampuni ya Sakura ya Japani iliitoa mwaka 1925. Vijiti hivyo, ambavyo sasa vinapatikana hata katika maduka yetu ya vifaa vya shule, vilizaliwa katika shauri la uhuru wa mtoto. Na ni ajabu kwamba mara nyingi hutumiwa kumfanya mtoto anakili ubaoni.

Katika Uingereza, mtetezi mkubwa wa fikira hiyo alikuwa Marion Richardson, na miongoni mwa waliojifunza kwake alikuwa Margaret Trowell. Trowell alizaliwa mwaka 1904, akasoma katika Shule ya Slade ya London, akafika Kenya mwaka 1929 pamoja na mumewe aliyekuwa daktari, na mwaka 1935 wakahamia Uganda. Mwaka 1937 alianza kuwafundisha wanafunzi wa Makerere uchoraji na uchongaji katika baraza ya nyumba yake huko Mulago. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Darasa lile la barazani ndilo lililokua likawa Shule ya Sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake.

Trowell hakuanza na meza. Alianza na masimulizi. Aliwaeleza wanafunzi tukio, mathalani mvua, mavuno, safari au habari ya Injili, nao wakaliona ndani ya nafsi zao kabla ya kulichora. Aliamini kwamba Mwafrika ana njia yake ya kuona, na kwamba akiwekwa mbele ya picha za Ulaya, au akilazimishwa kupima kila kitu kwa kanuni za Ulaya, njia hiyo itaharibika. Imani hii ilikuwa na heri na shari pamoja. Heri yake ni kwamba mwanafunzi alitegemea hazina yake mwenyewe, yaani kijiji chake, hadithi zake na watu wake. Shari yake ni kwamba ilifanya kutazama kuwe kama mali ya Mzungu, na kuwaza kuwe kama fungu la Mwafrika. Hilo si kweli. Mfinyanzi wa kike aupimaye mdomo wa chungu kwa macho, akaujua kuwa umependa upande, hana haja ya kufundishwa kutazama. Wala mganga ajuaye jani moja kati ya majani mia hakulijua kwa ndoto.

Miongoni mwa wanafunzi wa Trowell alikuwa Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere katika miaka ya 1940, akabaki kufundisha hapo, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 akaenda Shule ya Slade, ile ile aliyosoma mwalimu wake. Slade ilijulikana kwa ukali wake katika kuchora kitu kilicho mbele ya macho. Mtu angedhani kuwa Ntiro angerudi na vivuli vya Ulaya na meza ya Ulaya. Hakurudi navyo. Aliendelea kuchora Uchaga kama alivyoubeba moyoni: vilima vilivyopandana, migomba iliyopangwa safu kwa safu, nyumba, na watu wadogo wengi wanaolima, wanaojenga, wanaovuna, wanaokwenda sokoni. Katika picha zake hapana mtu mmoja anayetawala wengine. Kazi ndiyo inayotawala.

Picha yake moja ya mwaka 1956 inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Mwaka uliofuata Tanganyika ilipata uhuru, na Ntiro akatumwa London kuwa Balozi, kazi aliyoifanya mpaka 1964. Baadaye alishika uongozi wa mambo ya utamaduni katika Tanzania na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Itazameni picha hiyo kwa swali letu. Vyombo vimo, kwa kuwa pombe haibebwi kwa mikono mitupu. Lakini havikutulia. Vimo njiani, vinakwenda kwa mtu, kwa sababu ya jambo. Ukiviondoa kwa wabebaji wake ukaviweka mezani, vitabaki na umbo na rangi, lakini vitapoteza arusi. Nathubutu kusema kwamba hili lilikuwa chaguo, wala si upungufu wa elimu. Mtu aliyepita Slade hakushindwa kuchora chombo mezani. Aliona kwamba chombo cha Mchaga huonekana sawasawa kikiwa katika mkono wa Mchaga. Kwa Ntiro, kata si umbo lenye mwanga na kivuli. Ni kitu kinachotoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Na ndivyo ilivyo desturi ya mbege: mwenye pombe huonja kwanza ili mgeni asiwe na shaka, kisha kata huzunguka. Mchoraji anayeinyamazisha kata mezani anakata mzunguko huo.

Mwana mwingine wa mlima, Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, naye alisoma Makerere chini ya Trowell. Mwaka 1959 alichora katika kanisa la ukumbusho huko Murang'a, Kenya, picha kubwa za ukutani za maisha ya Kristo, akimweka Kristo mweusi katika vilima vya Wakikuyu. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa katika Nairobi, nyumba ya sanaa ambayo jina lake, kwa maana mbili za neno paa, huwa mnyama na mruko wake kwa pamoja. Na huku kwao Marangu, katika miaka hiyo hiyo ya 1960, alifungua nyumba ya maonyesho yenye jina la Kibo. Fundisho lake mashuhuri lilikuwa kwamba msanii asinakili, kwa kuwa anayenakili anaikataa kazi aliyopewa na Muumba wake. Kwa kufungua nyumba ya picha kijijini, Njau aliuongeza upande ambao mwenzake hakuufikia: kwamba si kutosha picha ya migomba itundikwe New York, bali na wenye migomba waione.

Trowell alistaafu mwaka 1958, na nafasi yake ikashikwa na Cecil Todd, aliyekuwa akifundisha Afrika Kusini. Todd alikuwa na rai nyingine. Aliona kuwa kumnyima mwanafunzi wa Afrika elimu ya sanaa ya dunia nzima ni kumdharau kwa jina la kumhurumia. Akaingiza nadharia ya rangi, kuchora mwili wa mtu, na historia ya sanaa ya Ulaya. Hoja yake ilikuwa na nguvu. Elimu haina mwenyewe; wanafunzi wa hisabati hawakuambiwa watafute hisabati ya kwao. Lakini elimu hiyo ilipotoka Makerere na vyuo vingine ikashuka mpaka madarasa ya vijijini, mara nyingi ilifika ikiwa imepungukiwa na roho. Kilichofika kilikuwa meza, na juu ya meza chupa ya Ulaya, bilauri na tufaha, wakati nje ya dirisha pamejaa ndizi za aina zisizopungua kumi. Mwanafunzi alijifunza kuona mwanga juu ya kitu asichokula, na kuacha kuviona vitu alivyokula.

Tukizipima rai hizi mbili twaona kwamba kila moja ilishika ncha moja ya fimbo. Trowell alijua kuwa chombo kina nchi, akaogopa jicho. Todd alijua kuwa jicho halina nchi, naye hakuona hatari ya meza ya kigeni. Ntiro alisimama mahali pa tatu: alikuwa na elimu ya jicho, akaitumia kwa kuiacha. Laiti nchi ingebaki kama alivyoichora, ningesema kwamba jibu lake lilitosha, wala hapana haja ya kuiweka kata mezani hata siku moja.

Lakini nchi haikubaki. Mtu akizunguka leo katika soko la Mkuu ataona ndoo za plastiki, madumu ya mafuta yaliyogeuzwa kuwa ya pombe, na vikombe vya plastiki vyenye umbo la kata. Mbege bado ni ya ndizi na ulezi, na gome la msesewe bado huitia uchungu, lakini vyombo vya mbao na vya kibuyu vinapungua. Chungu cha udongo kimeachiwa sufuria. Fimbo ya mregho haishikwi tena na kijana anayefundishwa kuisoma. Na makumbusho, hata yawe na nia njema, huhifadhi kitu kimoja mahali pamoja. Tena nyumba za sanaa zenyewe si salama, kama Paa ya Paa ilivyoteketezwa na moto mwaka 1997 na kazi nyingi zikapotea. Chombo kilichokuwa mkononi mwa kila mtu hakikuwa na haja ya kuchorwa kikiwa peke yake. Chombo ambacho mkono wake umeondoka kina haja hiyo. Sasa kata imefika pale bakuli la Kunduchi lilipofika zamani: inasimama badala ya watu.

Hapa ndipo lugha yetu inapoweza kutusaidia. Fani hii ikiitwa kwa njia ya Kifaransa, kata iliyo mezani ni maiti, na mchoraji ni mwosha maiti. Kiswahili kina neno bora zaidi. Twasema bahari imetulia, mtoto ametulia, moyo umetulia. Kitenzi hiki hakitumiki kwa kitu kilichokufa. Hutumika kwa kitu kilichokuwa kikienda na ambacho chaweza kwenda tena. Na kiambishi -me- chaonyesha kuwa utulivu huo ni matokeo ya jambo lililotangulia, wala si tabia ya milele. Kwa hiyo tukisema vitu vilivyotulia, tumekwisha kusema kuwa vilikuwa mikononi. Jina lenyewe linabeba ndani yake jibu la Ntiro, hata pale tunapoandaa meza.

Basi zoezi ninalolipendekeza kwa wanafunzi na walimu wa sanaa si gumu. Mwanafunzi asipewe tufaha. Na aende kwa babu au bibi yake akaazime kitu kimoja kilichotumika: kata, kinu, kigoda, jembe lililolika. Kabla ya kuchora na aulize: nani alikifanya, nani alikishika, kilikuwa kikienda wapi kilipotua hapa. Kisha akiweke kwenye mwanga wa asubuhi, achukue karatasi ya kaki na vijiti vya pasteli, atafute mstari wake, umbo lake na kivuli chake kwa uaminifu wote aliofundisha Todd. Mahali palipong'arishwa na viganja apatie rangi yake sawasawa, kwa kuwa hapo ndipo watu walipo. Akimaliza, akirudishe chombo kwa mwenyewe na amwonyeshe picha, kama Njau alivyowaonyesha watu wa Marangu. Mwenye chombo ataona makosa ambayo mwalimu hawezi kuyaona. Atasema mpini haukuwa hivyo, au ufa huu uliingia mwaka fulani, katika arusi ya fulani. Maneno hayo yaandikwe nyuma ya karatasi, pamoja na tarehe.

Ikiwa kila shule ya mlimani ingefanya hivyo kwa mwaka mmoja, tungekuwa na kumbukumbu ya vyombo vya Uchaga ambayo hakuna msafiri wala mtaalamu wa kigeni aliyepata kuikusanya, tena imechorwa na warithi wao. Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia, wakimaanisha kuwa huona bila kuchagua. Uchoraji ni elimu ya kuchagua. Wale wa kabla yetu walichagua kuchora mkono, kwa sababu vyombo vilikuwa vingi. Sisi tuna wajibu wa kuchora na vyombo, kwa sababu vimebaki vichache, na wanaojua habari zake ni wachache kuliko vyombo vyenyewe.